Mfumo Uliokupandisha Hautoshi Kukubakisha

Mwalimu, hongera. Basi limeshazunguka mjini, mkuu wa wilaya ameshapiga picha na kombe, na ratiba ya Ligi Kuu iko mezani. Chukua kalamu nyekundu uzizungushie mechi za Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars. Ni nane kwa jumla, nyumbani na ugenini. Ligi ya timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu, kwa hiyo zimebaki 22 ambazo hukuzizungushia. Timu nyingi ngeni humaliza maandalizi yote zikiziwaza zile nane, kwa kuwa ndizo zinazojaza uwanja na kuleta kamera, halafu zinashushwa na zile 22.

Haya ninayokuandikia yanahusu kuifundisha timu ngeni ibadilike uwanjani bila kujipoteza. Sikushauri uwe na mifumo sita. Kocha anayebadilisha mfumo kila Jumamosi na yule asiyebadilisha kitu hata akifungwa mechi saba mfululizo hukutana mwisho wa msimu: nafasi ya 13 na 14 kwenye mtoano wakibahatika, ya 15 na 16 wasipobahatika. Unahitaji mifumo miwili tu, iliyokaa vichwani mwa vijana kiasi kwamba hawaulizi. Unahitaji pia kanuni chache za lini kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine, na wachezaji watatu au wanne wanaoweza kubadilisha kazi papo hapo bila kusubiri mtu anyanyuke benchi.

Kubali kwamba mpira hautakuwa wako

Kwenye Championship, daraja ulilotoka, wewe ulikuwa mkubwa. Timu zilikuja kwako zikajifungia nyuma, wewe ukauzungusha mpira mpaka mlango ukafunguka. Sasa wewe ndiye mdogo, na mabeki wako waliozoea kugusa mpira mara nyingi kwa raha watapata sekunde moja kabla mtu hajawafikia. Makocha wengi wanalijua hili kwa maneno. Kwa vitendo wanaendelea na mazoezi yaleyale ya msimu uliopita kwa sababu yaliwapa ubingwa.

Burnley ya Vincent Kompany ilimaliza Championship ya England msimu wa 2022/23 ikiwa na pointi 101, kwa pasi fupi zinazoanzia kwa kipa. Ikapanda na imani ileile, ikamaliza Ligi Kuu na pointi 24, ikarudi ilikotoka. Southampton ya Russell Martin nayo ilipanda ikashika njia hiyohiyo 2024/25: kipa anapiga pasi fupi, mabeki wanangoja wapinzani wawasogelee, mpira unapokonywa jirani na goli lao. Martin aliondolewa Desemba baada ya kufungwa 5–0 nyumbani na Tottenham, na klabu ikamaliza na pointi 12, moja tu juu ya rekodi mbovu ya Derby County ya 2007/08. Katika misimu hiyo miwili ya Ligi Kuu, 2023/24 na 2024/25, timu zote tatu zilizopanda zilishuka palepale. Pesa ilichangia sana, sikatai. Lakini Southampton haikufungwa mabao yale ya kujitakia kwa sababu ya pesa.

Usiuchukue woga wa Waingereza wote ukauleta hapa, hata hivyo. Kwetu pengo kati ya timu ya tano na ya kumi na tano si refu hivyo, na historia inawabeba wageni. Mbeya City ilipanda ikamaliza ya tatu msimu wa 2013/14. Namungo ya Ruangwa, katika msimu wake wa kwanza, ilifika fainali ya Kombe la FA mwaka 2020, ikafungwa na Simba 2–1, na bado ikaenda kucheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ihefu ilikuwa imetoka kupanda tena ilipoifunga Yanga 2–1 pale Mbarali, Novemba 2022, na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mgeni anaweza. Swali ni anafanya nini siku ambayo mambo yake ya kawaida hayafanyi kazi.

Anza hivi kwenye maandalizi: katika kila mechi ya kirafiki, tenga dakika 20 ambazo kikosi chako cha kwanza hakiruhusiwi kushika mpira zaidi ya pasi nne. Wakifika nne, wapige mbele. Watachukia, hasa namba kumi wako. Acha wachukie. Unataka wazoee kukimbia bila zawadi, na unataka ujue mapema nani huacha kukaba mpira usipomfikia kwa dakika kumi. Huyo lazima umjue kabla ya Agosti.

Uti wa mgongo kwanza, viraka baadaye

Chagua wachezaji wanne ambao nafasi zao hazitaguswa mfumo wowote utakaoutumia: kipa, beki wa kati mmoja anayeongea, kiungo mkabaji mmoja, na straika. Hawa ndio watawaelekeza wengine wakati kila mtu anatafuta mahali pake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kocha kumhamisha mchezaji wake bora ili kuziba pengo la mchezaji wake dhaifu. Namba sita mzuri anapelekwa beki wa kati, na ghafla una matatizo mawili badala ya moja.

Ukishawapata wanne hao, tafuta viraka. Kiraka kwa wapenda soka wa kwetu ni sifa, ni mchezaji unayemweka popote na timu haivuji. Leeds United ilipopanda mwaka 2020 chini ya Marcelo Bielsa, ilikuwa na Stuart Dallas aliyecheza beki wa kulia, beki wa kushoto na kiungo ndani ya msimu mmoja, tena vizuri. Usajili wako uangalie watu wa namna hiyo. Ukiwa na pesa ya kusajili wachezaji wanne, usinunue mawinga wanne wenye mbio. Tafuta beki wa pembeni anayeweza kusimama kati, beki wa kati mwenye mguu wa kushoto, na kiungo mwenye mapafu ya kucheza pembeni. Winga mwenye mbio mchukue mmoja, atatosha.

Halafu chora jedwali. Andika majina 11, na mbele ya kila jina andika nani anaingia akikosekana na nini kinabadilika kwenye mchezo. Kama jibu la safu ya mwisho ni "kila kitu", hapo una hatari. Sheffield United walipanda 2019 wakamaliza wa tisa na pointi 54, kwa ubunifu ambao wengi hawakuwahi kuuona: mabeki wa kati wa pembeni, Jack O'Connell na Chris Basham, walikuwa wanapanda hadi kupiga krosi. Msimu wa pili O'Connell akaumia goti mapema, na upande wa kushoto ukafa. Timu ikashika mkia na pointi 23. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ila mfumo uliomtegemea mtu ambaye hana mbadala ulikuwa mojawapo.

Mifumo miwili, hatua moja katikati

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kazi.

Tuseme umepanda na 4-2-3-1, kama walivyo makocha wengi. Mfumo wako wa pili uwe ule unaoweza kuufikia bila kufanya mabadiliko ya wachezaji. Mwambie mmoja wa viungo wakabaji wawili, yule ambaye si uti wa mgongo, ashuke katikati ya mabeki wa kati. Namba kumi arudi kukaa kando ya kiungo aliyebaki. Mawinga waingie ndani hatua tano na kushuka. Umepata 5-4-1, na hakuna aliyetoka. Mkipata mpira, mabeki wa pembeni wanapanda, mawinga wanasogea karibu na straika, na mnakuwa 3-4-3. Kijana wa kumshusha awe mrefu au mwenye akili ya kusoma mpira. Ukimpata mwenye vyote viwili, mkatie mkataba mrefu.

Usidhani kazi imekwisha hapo. Mabeki watatu wa kati wakimwangalia straika mmoja, wawili kati yao wanatazama mechi bure, huku mpinzani ana mtu wa ziada kwenye kiungo. Kwa hiyo weka kanuni: beki wa kati wa kulia na wa kushoto ana ruhusa, na ana wajibu, wa kutoka kumfuata anayepokea mpira mbele ya safu ya nyuma. Akitoka, aliye katikati anaziba, beki wa pembeni anabana. Akibaki kwenye mstari kwa kuogopa, mtapigwa mashuti ya mita 20 mchana kutwa. Pia kuna krosi za kwenda nguzo ya mbali. Beki wa pembeni aliyepanda hurudi amechelewa, na bao la namna hii ndilo wageni wengi hufungwa kipindi cha pili wakiwa wamechoka. Winga wa upande ambao mpira haupo ndiye mwenye jukumu la kurudi. Sitaki kusikia kwamba yeye ni mshambuliaji.

Lini uhame? Bielsa alikuwa na kanuni rahisi mno: nyuma kuwe na mtu mmoja zaidi ya washambuliaji wa mpinzani. Mpinzani akija na straika mmoja, Leeds walicheza mabeki wanne, wawili wakiwa wa kati. Akija na wawili, walicheza watatu nyuma, mara nyingi Kalvin Phillips akishuka kutoka kiungo. Wachezaji hawakuhitaji mkutano; walihesabu tu. Kocha huyohuyo alikuwa mbishi kupindukia katika mengine, hakukubali kuacha kukaba mtu kwa mtu uwanja mzima, na Desemba 2020 alipigwa 6–2 Old Trafford. Lakini Leeds ilimaliza ya tisa na pointi 59. Imani yake haikubadilika. Idadi ya watu nyuma ilibadilika kila wiki. Huo ndio mpaka ninaotaka uuone.

Wolves ya Nuno Espírito Santo ni mfano wa pili, na kwangu unafaa zaidi kwa timu zetu. Ilipanda 2018 ikicheza 3-4-3. Ilipoanza kupoteza, Nuno hakuvunja nyumba. Katikati ya msimu aliwaacha mabeki watatu na wale wawili wa pembeni kama walivyo, akaongeza kiungo wa tatu mahali pa mshambuliaji mmoja, ikawa 3-5-2. Mabadiliko ya mtu mmoja tu, na timu ilimaliza ya saba na pointi 57.

Mazoezini fanya hivi. Siku mbili kabla ya mechi, cheza 11 kwa 11 robo tatu ya uwanja. Piga filimbi bila taarifa, taja mfumo wa pili, na hesabu sekunde mpaka kila mtu awe mahali pake huku mpira ukiendelea kuchezwa. Mwanzoni watachukua sekunde 20 na watagongana. Ukifika chini ya sekunde nane, upo tayari kwa Septemba. Halafu acha kutumia sauti. Uwanja ukijaa ngoma na vuvuzela hakuna atakayekusikia, kwa hiyo nahodha apate ishara ya mkono kutoka kwako na aipitishe kwa wengine. Ishara iwe moja. Nimeona mabenchi yanayopunga mikono kama trafiki wa Ubungo, na wachezaji wanacheka.

Kukaba: kimo cha timu ndicho swichi yako

Kabla hujagusa mfumo, gusa kimo. Mfumo uleule wa 4-2-3-1 unaweza kukabia juu, kukabia katikati, au kukaa nje ya boksi lako. Mara nyingi kusogeza safu nzima mita kumi kunatibu kile ambacho kocha alidhani kinahitaji mabadiliko matatu.

Kwa timu ngeni, kimo cha kawaida kiwe katikati. Straika asimame kwenye duara la kati, asiwakimbize mabeki wao bure. Panda juu pale tu unapoona dalili: pasi ya kurudi kwa kipa, beki wa pembeni aliyepokea akiwa ametazama goli lake, au mpira uliodunda vibaya na kumpanda mtu gotini. Hii ya mwisho viwanja vyetu vinakupa zawadi kila baada ya dakika chache. Mtu wa kwanza akitoka, watatu wa karibu watoke naye. Mmoja akitoka peke yake ni zoezi la mbio tu.

Kupaki basi sikukatazi, ila dakika 90 za kupaki basi ni ahadi ya kufungwa dakika ya 80. Ukiamua kukaa chini, uwe na njia ya kutoka: pasi ya kwanza baada ya kupokonya iende kwa nani? Aliyekaba hatakiwi kupiga chenga. Ampe mtu aliyeuona uwanja, na huyo atafute nafasi nyuma ya beki wa pembeni wao aliyepanda. Kama ukirudia mechi kwenye video na mipira kumi uliyopokonya imerudi kwa mpinzani ndani ya pasi mbili, tatizo lako si ulinzi.

Zile mechi 22

Hizi ni dhidi ya timu kama wewe, na nyingi zitakukalia nyuma hasa ukiwa nyumbani, kwa sababu sare ugenini ni mali. Hapo mfumo wa 5-4-1 haukusaidii kitu. Unahitaji namna ya kufunga bila kutegemea kipaji cha mtu mmoja, na jibu la bei nafuu kuliko yote ni mipira ya kutenga.

Brentford ilicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya England Agosti 2021 dhidi ya Arsenal, ikashinda 2–0, na bao la pili lilitokana na mpira mrefu wa kurusha. Kocha wake wakati ule, Thomas Frank, alikuwa na 3-5-2 kwa mechi ngumu na mabeki wanne kwa nyingine, akamaliza wa 13, lakini ukiondoa mbao zote hizo, kona, faulo na kurusha vilikuwa msingi wa nyumba. Oktoba 2025 Sunderland, nao wakiwa wametoka kupanda, walitanguliwa na Chelsea pale Stamford Bridge, wakasawazisha kwa mpira wa kurusha, wakashinda 2–1 dakika za nyongeza.

Kwako je? Tafuta kijana mmoja anayerusha mpira hadi kwenye boksi. Kila timu ya mkoani anakuwepo, na kwa kawaida ni beki ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mikono yake ina thamani. Mpe dakika 15 baada ya kila zoezi. Andaa kona tatu, si kumi: moja ya nguzo ya karibu, moja ya kumzuia kipa atoke, moja fupi. Na weka watu wawili nje ya boksi kwa ajili ya mpira unaodondoka, kwa sababu mabao mengi ya kona zetu hufungwa na aliyesimama pale, na mabao mengi tunayofungwa kwa mashambulizi ya kushtukiza huanzia palepale.

Pale mpinzani anapokaa nyuma, tumia 4-2-3-1 yako lakini mpandishe beki mmoja wa pembeni tu. Mwingine abaki na mabeki wa kati, muwe watatu nyuma. Timu inayopandisha wote wawili huku ikitafuta bao nyumbani hufungwa na timu iliyokuja kutafuta sare, kisha mashabiki wanakusubiri nje ya geti.

Uwanja, jua na barabara

Makocha wanaojifunza kwa kutazama Ulaya husahau sura hii kabisa. Kaitaba, Bukoba, pana nyasi bandia: mpira unakimbia, pasi za chini zinafika, na wachezaji wako wasiozoea watapata shida ya kugeuka. Sokoine, Mbeya, upo mwinuko wa takriban mita 1,700, na vijana kutoka pwani wataishiwa pumzi mapema. Mechi ya saa nane mchana Tanga mwezi Februari usiicheze kwa kukabia juu, labda dakika kumi za mwanzo na tano za mwisho wa kila kipindi. Wakati wa masika, kwenye uwanja uliojaa maji, sahau pasi za katikati: piga mipira mirefu pembeni na upeleke watu wengi kwenye mpira unaodondoka.

Safari nayo ni mbinu. Timu iliyotoka Lindi hadi Kagera kwa basi haiwezi kucheza mchezo uleule iliocheza Jumapili iliyopita, hata kocha awe nani. Siku hiyo anza chini, pumzisha mpira kila mnapoupata, na panga wenye mbio waingie kipindi cha pili. Klabu ikiwa na uwezo wa kuwafikisha siku mbili kabla, pambania hilo kuliko unavyopambania straika mpya.

Mabadiliko ya wachezaji

Una mabadiliko matano, kwa nafasi tatu za kusimamisha mchezo, na mapumziko hayahesabiwi. Tumia mapumziko. Kocha anayesubiri dakika ya 75 kurekebisha kitu alichokiona dakika ya 25 amewapa wapinzani dakika 50.

Andika kabla ya mechi hali nne kwenye karatasi: tunaongoza dakika ya 70, tumefungwa dakika ya 60, sare inayotutosha, na kadi nyekundu. Mbele ya kila moja andika nani anaingia na mfumo upi. Hii ya kadi nyekundu wengi hawaifanyii mazoezi mpaka iwafike. Aprili 2021 Leeds ilikuwa ugenini kwa Manchester City ikiongoza 1–0, nahodha wake Liam Cooper akatolewa kabla ya mapumziko. Bielsa akamtoa straika Patrick Bamford, akamwingiza beki, timu ikakaa chini kabisa kipindi kizima. City wakasawazisha. Dallas, kiraka yuleyule, akakimbia peke yake dakika za mwisho akafunga la pili. Timu hiyo ilikuwa maarufu kwa kutokukaa chini, na siku hiyo ilikaa bila aibu.

Kuhusu kupoteza muda: kuanzia msimu wa 2025/26 kipa akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, adhabu ni kona. Mwambie kipa wako mapema.

Mshangao huisha muda wake

Alf Ramsey aliipandisha Ipswich Town mwaka 1961, na msimu uliofuata, ule wa kwanza kabisa wa klabu hiyo katika daraja la juu, ikawa bingwa wa England. Kikosi kilikuwa cha kawaida. Siri ilikuwa Jimmy Leadbetter, aliyevaa jezi ya winga wa kushoto lakini akasimama nyuma kabisa, karibu na viungo. Zama zile beki wa kulia alijua kazi moja, kumkaba winga. Akimfuata Leadbetter anaacha uwazi mgongoni. Asipomfuata, Leadbetter ana muda wote wa kupiga pasi kwa Ray Crawford na Ted Phillips. Washambuliaji hao wawili walifunga mabao 61 ya ligi, 33 na 28. Tottenham, waliokuwa mabingwa watetezi, walifungwa na Ipswich nyumbani na ugenini.

Agosti 1962 timu hizo zilikutana kwenye Ngao ya Hisani. Bill Nicholson, kocha wa Tottenham, aliwaambia mabeki wake wa pembeni waingie ndani wawabane Crawford na Phillips, na viungo wawashughulikie mawinga waliorudi nyuma. Tottenham 5, Ipswich 1. Wengine wote wakanakili. Ipswich ikamaliza ya 17, na msimu wa baadaye ikashuka. Ramsey mwenyewe alikuwa ameshaondoka kuifundisha timu ya taifa, akatwaa Kombe la Dunia 1966.

Ramsey alipata msimu mzima kabla hajajulikana. Wewe huna. Mechi zako zinaonyeshwa Azam TV, na kijana wa kuchambua video wa timu pinzani atakuwa na kila kona uliyopiga. Kadiria kwamba utajulikana baada ya mechi nane. Kwa hiyo usitoe kila kitu Agosti. Mfumo wa pili uanze kuutumia mechi chache tu za mzunguko wa kwanza, na ukifika dirisha dogo sajili mtu mmoja wa kubadilisha sura ya timu, kwa mfano straika mrefu kama ulikuwa na wafupi, ili mzunguko wa pili wanaokujua wakute kitu kingine. Na kila baada ya mechi tano, jitazame kwa jicho la mpinzani: ungeifungaje timu hii? Mpe kazi hiyo msaidizi wako, halafu msikilize bila kukasirika.

Neno na ofisi

Kabla ya ligi kuanza, kaa na mwenyekiti na katibu uwaeleze kwamba kuna mechi timu itacheza mchezo usiopendeza, na kwamba umepanga iwe hivyo. Usipowaambia, ukipaki basi Dar es Salaam wataanza kukuita mwoga, na ukifunguka ukapigwa matano watakuita mjinga. Kamati za ufundi nazo, zile za mchana na zile za usiku, ziambie mapema kwamba kikosi kinapangwa na wewe.

Hakikisha pia usajili. Kitayosce ya Tabora iliingia kwenye mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu Agosti 2023 dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji saba tu kwa sababu ya matatizo ya usajili. Sheria hairuhusu timu kuendelea ikiwa na pungufu ya saba; idadi ikashuka chini ya hapo, na mchezo ukavunjika ndani ya dakika 20 za kwanza, Azam ikiongoza 4–0. Hakuna mfumo wa watu saba. Klabu hiyohiyo, kwa jina la Tabora United, ilibaki ligi kuu kupitia mtoano, na Novemba 2024 ikaifunga Yanga 3–1 pale Azam Complex.

Sasa fanya kazi ya wiki hii. Leo jioni chora lile jedwali la majina 11 na mbadala wao. Kesho mwite kiungo utakayemshusha nyuma umweleze kazi yake ana kwa ana, kabla hajaisikia mbele ya wenzake. Na Jumatano nenda mazoezini na filimbi na saa.